Namna ya kukokotoa GPA ya chuo: kutoka kozi moja hadi shahada nzima

GPA ya chuo kikuu, yaani wastani wa pointi za gredi zako, hupatikana kwa kuzidisha, kujumlisha na kugawanya. Hakuna hesabu nyingine ndani yake, na mtoto wa darasa la sita akipewa namba ataiweza. Hata hivyo, matokeo ya mwisho yakitoka, wapo wanaobaki wameduwaa: "Nilikuwa na 3.5, mbona imeandikwa 3.4?" Mara nyingi chuo hakijakosea. Mwanafunzi alikuwa akichukua GPA za mihula, anajumlisha na kugawanya kwa idadi ya mihula, au alikadiria desimali kwenda juu pale ambapo kanuni inataka ikatwe. Akagundua hayo wakati hakuna tena mtihani wa kufanya.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza Tanzania, kwenye mfumo wa pointi 5 unaofuata utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Wa diploma wana sehemu yao chini, maana mipaka ya alama zao si hii. Shika kalamu, karatasi na simu yenye kikokotoo, tuende pamoja.

Hatua ya 1: Andika kozi zako na krediti zake

Fungua matokeo yako kwenye ARIS, SARIS au mfumo wowote ambao chuo chako kinatumia. Chora safu nne: jina la kozi, krediti, gredi, pointi. Safu ya krediti ndiyo wengi hawaiandiki, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Krediti ni uzito wa kozi. Krediti 1 inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kuhudhuria darasani, kusoma mwenyewe, mazoezi, maabara, mitihani, vyote kwa pamoja. Kozi ya krediti 12 kwa hiyo inakadiriwa kukudai saa 120, na ya krediti 8 saa 80. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 120 kwa kiwango cha chini, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kama matokeo yako hayaonyeshi krediti, ziko kwenye kitabu cha mwongozo wa programu yako, na mratibu wa programu pia anazo. Usikisie.

Hatua ya 2: Badilisha alama kuwa gredi, gredi kuwa pointi

Alama zako za mwisho ni jumla ya kosiweki (majaribio na kazi za muhula) na UE (mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula). Vyuo vingi hugawa 40 kwa 60: kosiweki 40, UE 60. Jumla ikishapatikana, inaingia kwenye jedwali hili:

70 hadi 100: A, pointi 5
60 hadi 69: B+, pointi 4
50 hadi 59: B, pointi 3
40 hadi 49: C, pointi 2
35 hadi 39: D, pointi 1
0 hadi 34: E, pointi 0

D na E zote ni kufeli, ingawa D inabeba pointi moja. Baadhi ya programu za afya zina mipaka ya juu zaidi ya hii na pasi yake huanzia 50, kwa hiyo anayesoma huko atumie jedwali la chuo chake. Hatua nyingine zote hazibadiliki.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Ukishavuka kutoka alama kwenda pointi, alama zenyewe hazina kazi tena. Aliyepata 60 na aliyepata 69 wote wana pointi 4, sawasawa kabisa. Aliyepata 59 ana 3. Alama tisa kati ya 60 na 69 hazijambadilishia mtu chochote, na alama moja kati ya 59 na 60 imembadilishia mtu pointi nzima. Ukilielewa hili mapema, utajua ni kozi ipi ya kuipa usiku wa ziada kabla ya UE na ipi imeshatosha.

Hatua ya 3: Zidisha, jumlisha, gawanya

Kwa kila kozi, zidisha pointi kwa krediti. Jumlisha majibu yote. Jumlisha krediti zote. Gawanya jumla ya kwanza kwa jumla ya pili.

Tumchukue mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi. Namba ni za mfano, lakini ni za kawaida kabisa. Muhula wake wa kwanza uko hivi:

Mikroekonomia: krediti 12, alama 64, B+, 12 × 4 = 48
Uhasibu: krediti 12, alama 58, B, 12 × 3 = 36
Takwimu: krediti 12, alama 47, C, 12 × 2 = 24
Taaluma za maendeleo: krediti 12, alama 66, B+, 12 × 4 = 48
Stadi za mawasiliano: krediti 8, alama 72, A, 8 × 5 = 40

Jumla ya krediti ni 56. Jumla ya pointi zilizozidishwa ni 196. Gawanya 196 kwa 56 unapata 3.5 kamili.

Sasa angalia ambaye hakuandika krediti angepata nini. Angejumlisha 4 + 3 + 2 + 4 + 5 = 18, akagawanya kwa kozi 5, akapata 3.6. Hiyo 3.6 haipo popote isipokuwa kwenye daftari lake. A yake imetoka kwenye kozi nyepesi ya krediti 8, na C imetoka kwenye kozi nzito ya krediti 12. Uzito umeshusha wastani, na chuo kitasoma 3.5.

Kwenye kikokotoo cha kawaida, bonyeza 12 × 4 kisha M+, 12 × 3 kisha M+, endelea hivyo hadi mwisho, halafu MR itakupa jumla bila kuandika chochote katikati. Anza kwa MC ili kufuta kilichobaki humo.

Hatua ya 4: Unganisha mihula

Hapa ndipo wengi huteleza. Muhula wa pili wa mwanafunzi yuleyule:

Makroekonomia: krediti 12, alama 61, B+, 48
Uhasibu wa pili: krediti 12, alama 63, B+, 48
Sheria ya biashara: krediti 12, alama 68, B+, 48
Takwimu ya pili: krediti 12, alama 59, B, 36
Kompyuta: krediti 8, alama 55, B, 24
Ujasiriamali: krediti 8, alama 49, C, 16

Krediti 64, pointi 220. Muhula huu peke yake: 220 ÷ 64 = 3.4375.

Kupata GPA ya mwaka, usichukue 3.5 na 3.4 ukatafuta katikati yake. Rudi kwenye jumla. Pointi zote: 196 + 220 = 416. Krediti zote: 56 + 64 = 120. Kisha 416 ÷ 120 = 3.4666.

Katika mfano huu tofauti ya njia mbili ni ndogo kwa sababu mihula inakaribiana. Pale inapoachana, kosa linakua. Chukua muhula wa krediti 70 wenye GPA 3.0 na muhula wa krediti 50 wenye GPA 4.0. Ukitafuta katikati unapata 3.5, unafurahi. Hesabu sahihi ni (210 + 200) ÷ 120 = 3.41. Umejiweka daraja lisilo lako.

GPA ya jumla ya shahada nzima inafuata njia hiyohiyo: pointi zote za kozi zote tangu muhula wa kwanza, gawanya kwa krediti zote. Hakuna mwaka unaofutwa. Wanaosema mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira wanawapoteza wadogo zao, kwa sababu katika programu ya miaka mitatu mwaka huo ni theluthi moja ya cheti.

Hatua ya 5: Kata desimali, usikadirie

Tulipoishia ni 3.4666. Shuleni tulifundishwa kuwa 6 inapandisha namba iliyo mbele yake, kwa hiyo mkono wenyewe unataka kuandika 3.5. Usiandike. Katika kanuni za mitihani za vyuo vinavyotumia mfumo huu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, GPA hukatwa kwenye nafasi moja ya desimali. Kinachofuata nyuma hutupwa, hata kiwe 99. Kwa hiyo 3.4666 ni 3.4, na 3.4999 nayo ni 3.4.

Madaraja ya shahada yako hivi:

4.4 hadi 5.0: Daraja la Kwanza
3.5 hadi 4.3: Daraja la Pili la Juu
2.7 hadi 3.4: Daraja la Pili la Chini
2.0 hadi 2.6: Pasi

Mwanafunzi wetu yuko Daraja la Pili la Chini. Lakini tazama kilichomweka huko. Takwimu ya pili alipata 59. Angepata 60, kozi hiyo ingempa 48 badala ya 36, jumla ingekuwa 428, na 428 ÷ 120 ni 3.566, yaani 3.5. Daraja la Pili la Juu. Ujasiriamali nao, 49 ingekuwa 50, jumla ingefika 424, na GPA 3.533, tena 3.5. Sheria ya biashara, ambako huenda alikesha akipigania 68, isingebadilika hata kidogo kama angepata 61.

Ndiyo maana nasisitiza: ukishapata kosiweki, kabla ya UE, kaa chini uone kila kozi iko karibu na mpaka upi. Mwenye kosiweki 29 kati ya 40 anahitaji 41 kati ya 60 ili aipate A. Mwenye 18 anahitaji 42 ili aingie B+, na 32 ili abaki B. Ukiwa na orodha hiyo mezani, ratiba ya kusoma inajipanga yenyewe: kwanza kozi nzito iliyo karibu na mpaka, kisha nyepesi iliyo karibu na mpaka, mwisho zile ambazo mpaka uko mbali juu na mbali chini. Bila shaka kozi yenye hatari ya kufeli inatangulia zote.

Wakati mwingine mtu huenda kwa mwalimu kuomba "alama moja tu". Usifanye hivyo. Kama una sababu ya kweli ya kuamini karatasi yako imejumlishwa vibaya, kanuni zina utaratibu wa kukata rufaa, wenye ada na muda wake wa mwisho. Uufuate huo, kwa maandishi, mapema.

Hatua ya 6: Ukiwa na sup au kozi isiyo na matokeo

Aliyefeli kozi na kufanya mtihani wa marudio (sup) hapati gredi ya juu kuliko C, hata akipata 85. Kozi ya krediti 12 itampa 24 tu. Kwa hiyo sup moja katika kozi nzito inagharimu pointi 12 ukilinganisha na B, na 24 ukilinganisha na B+. Iandike hivyo kwenye karatasi yako tangu siku unapojua una sup, ili mpango wako wa mbele usimame kwenye namba za kweli.

Pia vyuo vina kiwango cha chini cha GPA ya mwaka ambacho ukishuka chini yake huruhusiwi kufanya sup, unadisco moja kwa moja, yaani unaondolewa masomoni. Kiwango hicho kimeandikwa kwenye kanuni za mitihani za chuo chako. Kisome mwaka wa kwanza.

Kozi ambayo matokeo yake hayajakamilika ni jambo jingine. Kosiweki haikuingizwa, au ulikuwa mgonjwa ukaahirisha mtihani. GPA inayoonyeshwa kwenye mfumo wakati huo si ya kutegemea, kwa sababu kozi hiyo inaweza kuwa imeachwa nje ya hesabu au imehesabiwa kama sifuri. Hesabu mwenyewe kwa kozi zenye matokeo, kisha fuatilia hiyo iliyobaki idarani ukiwa na ushahidi: nakala ya jaribio, sahihi ya kupokelewa kwa kazi yako, cheti cha daktari. Tunza karatasi hizo hadi siku ya mahafali. Kozi za ziada ambazo hazimo kwenye krediti za shahada yako nazo uzitenge. Uliza kama zinaingia kwenye GPA kabla ya kuzijumlisha.

Hatua ya 7: Hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye lengo

Hii ndiyo hatua inayonifanya nimwombe kila mwanafunzi ajue hesabu hii mwenyewe. Ukiweza kukokotoa kwenda mbele, unaweza pia kuuliza: nahitaji nini ili nifike?

Zidisha GPA unayoitaka kwa krediti zote za shahada. Toa pointi ulizonazo. Gawanya kilichobaki kwa krediti zilizobaki.

Mwanafunzi wetu ana 416 kwenye krediti 120. Anataka 3.5 kwenye krediti 360: 3.5 × 360 = 1260. Toa 416, zinabaki 844. Gawanya kwa krediti 240 zilizobaki: 3.516. Anahitaji wastani wa 3.52 miaka miwili ijayo. Linawezekana kabisa. Akitaka Daraja la Kwanza: 4.4 × 360 = 1584, toa 416, zinabaki 1168, gawanya kwa 240: 4.866. Hapo karibu kila kozi iwe A. Namba hiyo haimkatazi kujaribu, ila inamwambia ukweli wa kazi iliyo mbele.

Tuseme mwaka wa pili akapata pointi 408 kwenye krediti 120, yaani 3.4. Sasa ana 824 kwenye krediti 240. Zinazohitajika: 1260 − 824 = 436, kwenye krediti 120 za mwisho, wastani wa 3.633. Kama mwaka wa tatu una kozi 10 za krediti 12, gawanya 436 kwa 12, unapata 36.33, kwa hiyo anahitaji jumla ya pointi za gredi 37. Kwa mfano B+ saba na B tatu. Akipata B+ sita na B nne anafikisha 36, na shahada yake inaishia 3.488, yaani 3.4. Kozi moja tu. Ni heri ajue hilo wiki ya kwanza ya mwaka wa tatu kuliko siku ya kuchukua transkripti.

Na namba hizi zina maana huko nje. Vyuo vingi huomba walau 2.7 kwa anayetaka shahada ya uzamili. Matangazo ya ajira ya ualimu msaidizi katika vyuo vikuu vya umma hutaka 3.8 ya shahada ya kwanza. Kama hiyo ndiyo njia unayoiota, weka 3.8 kwenye hesabu ya juu badala ya 3.5, uone inakudai nini.

Kwa anayetumia Excel au Google Sheets: krediti ziwe safu B, pointi safu C, kisha andika =SUMPRODUCT(B2:B12,C2:C12)/SUM(B2:B12). Kwa kukata desimali, iweke ndani ya TRUNC(…,1). Usitumie ROUND, hiyo itakukadiria. Weka karatasi moja kwa shahada yote, uongeze mistari kila muhula.

Kwa wanafunzi wa diploma

Vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, vina mipaka yake. Ngazi ya 6, ambayo ndiyo diploma ya kawaida, inatumia pointi 5: A huanzia 75, B+ 65, B 55, C 45, D 35. Ngazi ya 4 na ya 5 zinatumia pointi 4 tu, hazina B+: A huanzia 80, B 65, C 50, D 40. Kwa hiyo 3.4 ya ngazi ya 5 na 3.4 ya ngazi ya 6 si kitu kimoja, na usizichanganye kwenye hesabu moja. Hatua ya 3 inabaki ileile. Namba ya kuikumbuka ni 3.0: ndiyo GPA ya chini ya diploma ambayo TCU inaitaka ili uombe shahada, na programu nyingine hudai zaidi.

GPA za mifumo mingine

Wazazi wanaofungua matokeo ya NECTA ya kidato cha nne huona GPA ya shule na kushtuka kuwa shule bora ina 1 na kitu. Ile inahesabiwa kinyume: A ni 1 na F ni 5, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri. Haina uhusiano na GPA ya chuo.

Makerere pia wana pointi 5, lakini A yao huanzia 80. Alama 72 ni pointi 5 Dar es Salaam na ni pointi 4 Kampala. Madaraja yao nayo yamepangwa kwa desimali mbili: Daraja la Pili la Juu ni 3.60 hadi 4.39. Kenya vyuo vingi hupanga shahada kwa wastani wa asilimia, 70 na zaidi ikiwa Daraja la Kwanza.

Anayeomba kusoma Marekani au Kanada atakutana na mfumo wa pointi 4. Usizidishe GPA yako kwa 4 na kugawanya kwa 5. Kwa njia hiyo 3.5 inageuka 2.8 na Daraja la Pili la Juu linaonekana dhaifu, wakati Marekani A kwa kawaida hudai alama za 90 na kwetu ni 70. Kwenye fomu andika GPA yako kama ilivyo, 3.5 kati ya 5.0, ambatanisha ukurasa wa transkripti unaoonyesha mipaka ya gredi, na kama chuo kinadai ibadilishwe, tumia shirika la tathmini wanalolikubali, kwa mfano WES. Omba transkripti mapema, kwa sababu mashirika hayo mara nyingi huitaka itoke moja kwa moja chuoni ikiwa imefungwa na kupigwa muhuri.